Saa Tano na Dakika Kumi na Mbili

Kompyuta ya dukani kwangu ilikuwa ikitaja saa kama tunavyoitaja sisi wenyewe. Jua likichomoza juu ya vilima vya Kasulu, kioo kilisema 12:00. Jirani yangu muuza chai akianza kupanga vikombe, kioo kilisema 2:00, na kweli ilikuwa saa mbili asubuhi. Niliifanya hivyo kwa mkono wangu, na nilijivuna nayo. Nilikuwa nimechoka kuona nane halafu nisome mbili, kana kwamba sisi ndio tuliokosea kuhesabu.

Majivuno yalikuwepo, sikatai, ila sababu yenyewe ilikuwa baba.

Baba nilimchukua Kibondo baada ya mama kufariki. Huko alikuwa mpiga kengele wa shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na yeye ndiye aliyeamua watoto waingie darasani lini, wale uji lini, warudi nyumbani lini. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu kuhusu saa. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, anaona vitu vikubwa vyenye mwanga tu, kwa hiyo hushinda nami dukani kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya fotokopi. Nilimwekea saa kubwa kwenye kioo cha kompyuta, inakula karibu nusu ya kioo, na wateja wanaokuja kuchapisha barua huiona kabla hawajaiona barua yao. Ana presha. Humeza kidonge saa mbili asubuhi na kingine saa mbili usiku.

Mchana mmoja, kabla sijaibadilisha saa hiyo, mawingu ya mvua yalitanda, duka likawa giza kama jioni. Baba aliamka kwenye kiti chake, akaona 2:00, akadhani ni saa mbili usiku, akameza kidonge cha usiku. Kumbe ilikuwa saa nane mchana. Aliposimama kwenda msalani aliyumba, akaanguka juu ya maboksi ya karatasi. Hakuumia sana, lakini mimi niliumia. Siku hiyo hiyo nilizima ile sehemu inayosahihisha saa yenyewe kwa intaneti, nikairudisha saa nyuma kwa saa sita nzima, nikamwita aje aone.

"Sasa hii mashine imesoma," akasema.

Kompyuta hiyo inatumia Linux badala ya Windows. Mtaani kwetu ukitaja Linux watu wanadhani ni dawa ya minyoo. Fundi mmoja aliniwekea baada ya virusi vya flashi za wateja kunimaliza, akanionyesha dirisha jeusi la kuandikia amri, akaenda zake. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe: kikitokea kitu nasoma mtandaoni, nanakili amri, nabandika, naomba Mungu. Mara nyingi ilikubali. Ikawa mtu akileta tatizo la kompyuta mtaa mzima unamwelekeza kwangu, nami sikumkatalia mtu. Hapo ndipo ninapojilaumu kwanza. Kuna maswali mengi ambayo ningeweza kujibu "sijui" na dunia isingeanguka.

Yule binti alikuja asubuhi moja ya kiangazi, vumbi jekundu limemfika hadi kwenye nyusi. Alikuwa Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, kitenge kimefungwa vizuri, mfuko wa plastiki mkononi wenye kitambulisho, kibali cha kutoka kambini kwa siku ile tu, na kalamu. Alisalimia, akamsalimia baba kwa kupiga goti kidogo, halafu akanieleza shida yake bila kuzunguka.

"Niko na examen leo, mama. Ya kwingia kusomea ukunga, kwa internet. Banaifanya mara moja tu, ukikosa haurudie tena."

Kambini alikuwa akisaidia kwenye wodi ya wazazi, akitafsiri kati ya manesi na akina mama, akishika taa, akichemsha maji. Alikuwa ameshaona watoto wengi wakizaliwa kuliko baadhi ya wakunga wenye vyeti. Alichokosa ni cheti. Chuo hicho kilifundisha kwa Kifaransa, lugha aliyosomea, na mwenye kufaulu mtihani wa kuingia alisomeshwa bure. Nafasi nyingine ya namna hiyo hakuwa nayo wala hakutegemea kuipata.

"Kwa nini usifanyie kambini?" nikamuuliza.

"Ordinateur, kompyuta, ziko, lakini bamezifunga, hauwezi kuongeza kitu. Na kufanyia kwa téléphone, chuo banakatala."

"Mtihani saa ngapi?"

"Quatorze heures, mama. Saa kumi na ine."

"Saa kumi na nne!" baba akadakia. "Weye mwana wanje, mwanangu, saa zinaishia kumi na mbili. Kumi na nne ni saa ya wapi?"

"Ni ya Wafaransa, muzee."

"Basi Wafaransa wanachoka sana."

Binti alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge. Nami nilicheka. Nilimwekea kiti mbele ya kompyuta, nikamwambia asiwe na wasiwasi, saa nane bado mbali, na yuko mahali sahihi. Nilisema hivyo hasa: uko mahali sahihi.

Ukurasa wa chuo ulieleza kwamba kabla ya mtihani ni lazima kuongeza plagini, yaani kiprogramu kidogo kinachojishikiza kwenye kivinjari cha intaneti. Hicho kingewasha kamera na kuhakikisha mtahiniwa yuko mwenyewe, hafungui kurasa nyingine, hanong'onezwi na mtu. Nilibonyeza pa kukiongeza. Kivinjari kikakataa: toleo lake ni la zamani mno. Sawa, dawa ya hilo naijua, unakiapdeti kivinjari. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri, nikaweka nywila. Mistari ikaanza kuteremka, nami nikajiweka vizuri kitini kwa sababu mtu mgeni akiona mistari inateremka hivyo hukuheshimu.

Halafu ikasimama. Ikatokea sentensi ndefu ya Kiingereza ikisema faili la orodha ya programu si halali, na mwishoni mabano yenye 5 na herufi h, kisha 12 na herufi min.

Kiingereza changu ni cha kusoma maelekezo ya sabuni. Niliona neno la halali, nikaona saa, nikaunganisha. Ilikuwa saa tatu na dakika chache. Nikamgeukia binti kwa sauti ya mtu anayejua.

"Wanarekebisha huko kwao. Itakuwa halali saa tano na dakika kumi na mbili."

"Bameandika saa?"

"Si hii hapa? Saa tano, dakika kumi na mbili."

Ukisoma Kiswahili utanielewa. Sisi muda wa saa tano na saa tano yenyewe tunaviita kwa jina moja. Mzungu aliandika kwamba bado kuna muda wa saa tano na dakika kumi na mbili, mimi nilisoma mshale wa saa. Na kwa kuwa kioo changu kilikuwa kikitaja saa za kwetu, sikuona ajabu hata kidogo kwamba nayo mitambo ya ng'ambo inataja hivyo hivyo.

Tukangoja. Nilimpa chai na maandazi ya jirani. Alitaka kukaa akipitia maswali yake kichwani, lakini baba hakumpa nafasi. Alimuuliza watu wangapi huzaliwa kambini kwa wiki, kama ni kweli Wakongo wanakula sombe, yaani kisamvu, kila siku, kama mama yake yuko hai. Yuko hai, akasema, amebaki na wadogo zake. Kisha baba akaanza habari za presha yake, ambazo mimi nimezisikia mara nyingi hadi nazijua kwa mpangilio. Binti alizisikiliza kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. Akavuta kiti, akamshika baba kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akainua macho kwenye ile saa kubwa ya kioo na kuhesabu kimya kimya mpaka dakika ikatimia.

"Moyo yako inaenda muzuri, muzee. Weka vidole hapa. Hapa, si hapo. Unasikia?"

"Nasikia! Inagonga."

"Kila asubuhi uhesabu. Ukiona inakimbia sana, umwambie mama."

Baba aliniambia kwa sauti kubwa kwamba tangu leo huyu ndiye nesi wake, wengine wote wa zahanati waende likizo. Nilifurahi kumwona hivyo. Ilikuwa muda mrefu mtu mwingine hajamgusa kwa upole, na mimi mwenyewe, nikisema kweli, siku nyingi humgusa kwa haraka.

Saa tano na robo nikarudia amri. Mistari ikateremka, ikasimama pale pale. Safari hii mabano yalisema tano na dakika arobaini.

"Wamesogeza mbele," nikasema. "Saa tano na dakika arobaini."

"Bazungu," akasema binti, akacheka kidogo, lakini macho yake yalienda kwenye mfuko wake wa kibali.

Saa tano na dakika arobaini na kitu nikarudia tena, nimesimama. Mabano yakasema tano na dakika kumi na tatu.

Saa imerudi nyuma. Nilitazama kioo, nikatazama mabano, na hapo mjuzi alikuwa ameishiwa na watu wawili walikuwa wananitazama. Ningesema sijui. Badala yake nilimgeukia yeye.

"Umebonyeza nini hapa?"

"Sijagusa kitu, mama."

"Kitu hakiwezi kujirudisha chenyewe. Nilikuacha hapa nilipokwenda kufotokopi. Nyinyi mkishika kompyuta za watu mnabonyeza bonyeza tu."

Neno "nyinyi" lilitoka kabla sijalipima. Baba aligeuza kichwa. Binti aliiondoa mikono yake mezani, akaiweka mapajani, akainamisha macho.

"Pardon, mama," akasema.

Aliniomba msamaha kwa kitu ambacho hakukifanya. Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kuitwa mwizi kwa sababu ya kurasa mbili za fotokopi, na hakuna ninalolikumbuka kama ile pardon. Hata pale pale nilijua nimekosea. Nikajifanya sijui, nikaanza kubonyeza funguo kwa nguvu.

Nilifanya kila nilichowahi kusoma. Niliizima mashine nikaiwasha. Nilifuta mabaki ya programu za zamani. Nilibadilisha anwani ya kupakulia. Nilipakua faili la kivinjari peke yake, likakataa kwa sababu linahitaji mafaili mengine, na hayo mengine yanatoka kwenye orodha ile ile isiyo halali. Saa sita ikapita. Mteja alikuja kuchapisha mwaliko wa harusi nikamfukuza. Kila niliposhusha pumzi, binti naye alishusha. Baba alimpa nusu ya ugali wake wa muhogo na maharage, akala matonge mawili kwa heshima, akaacha.

Saa saba na nusu nilikata shauri kwamba tatizo ni laini ya intaneti ya dukani. Nikachukua simu yangu nigawe bando kwa kompyuta, nikaiegemeza chini ya kioo. Simu ilisema 1:30. Juu yake, kwa tarakimu kubwa kama kiganja, kompyuta ilisema 7:30.

Nilikuwa nimeziona saa hizo mbili kila siku kwa miezi. Nilikuwa nimezizoea, moja ya simu, moja ya baba. Lakini mchana ule nilikuwa nimetoka tu kusoma ile sentensi kwa mara ya mwisho, nikiwa nimekata tamaa kiasi cha kuisoma neno kwa neno kama mtoto wa darasa la tatu, na kati ya maneno niliyokuwa nikiyaruka palikuwa na kineno cha herufi tatu: yet. Bado. Faili halikuwa bovu. Lilikuwa bado halijawa halali, na muda wa kungoja ulikuwa saa tano na kitu.

Orodha ile hutolewa upya mara nyingi kwa siku, na kila mara hupigwa muhuri wa saa iliyotolewa. Kompyuta yangu iliamini ni asubuhi mbichi. Ikaletewa kitu kilichopigwa muhuri wa mchana, ikasema hapana, mchana haujafika. Ilikuwa na haki. Mtu ukimletea chakula cha jioni wakati wa kifungua kinywa naye atakuuliza. Ingeendelea kukataa mwaka mzima, kwa sababu ilikuwa nyuma kwa saa sita, na aliyeirudisha nyuma ni mimi.

Nikaandika saa ya simu kwenye kompyuta, nikabonyeza.

"Mbona imekuwa moja?" baba akauliza. "Nani anachezea saa?"

"Ni kwa muda tu, baba."

Nikarudia amri. Ikakubali mara moja, bila manung'uniko, kama mlango usiokuwa na kufuli. Mistari iliteremka na kuendelea kuteremka. Binti aliinuka kitini, akapiga makofi bila sauti. "Imekubali, mama! Aksanti Yesu!" Sikuweza kumtazama.

Kwa kuwa sikuwa nimeapdeti kwa miezi, mzigo ulikuwa mkubwa, na intaneti yetu mchana huo ilikuwa ikitambaa. Saa nane ikafika mzigo haujafika nusu. Kwenye ukurasa wa chuo saa ya mtihani ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, saa mbili za mtihani, na hawakungoja mtu. Binti alifumba macho akaomba. Baba naye akavua kofia. Mimi nilikaa katikati yao nikitazama asilimia, na nilijua kitu ambacho wao hawakujua, kwamba ningesoma vizuri saa tatu asubuhi mzigo huu ungekuwa umeshuka kabla chai haijapoa.

Kivinjari kilimaliza kushuka, plagini ikaingia, kamera ikawaka saa tisa na dakika tatu. Alibaki na muda usiofika saa moja kwa kazi ya saa mbili. Nilimtoa baba nje, nikamkalisha kwa jirani, nikasimama mlangoni kuzuia watu. Nilimsikia akibonyeza, haraka, bila kusita. Kisha, saa kumi kamili, kimya.

Nilipoingia ukurasa ulikuwa umejifunga wenyewe. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama nilipomgombeza.

"Umefika wapi?"

"Nilifika kwa ile ya kutoka damu ukiisha kuzaa." Akafunika kalamu yake. "Ile ninaijua, mama. Ile ninaionaka kila siku. Ilikuwa ya mwisho, ikajifunga sijajibu."

Alimpigia mama yake simu. Nilisikia akisema réseau, yaani mtandao, ilisumbua, réseau ya huku iko mbaya, lakini huyu mama amenisaidia sana, amefunga na duka kwa ajili yangu. Halafu akakusanya vitu vyake kwenye mfuko, akatoka kwa jirani, akamuaga baba kwa mikono miwili. Baba akamwambia akija tena awe na sare nyeupe. Akaitikia kwamba atakuja nayo.

Nilimsindikiza hadi kwa vijana wa pikipiki. Ilinibidi niseme, na nikasema kwa ubaya, kwa kukatakata, nikitazama viatu vyake. Nilimwambia haikuwa réseau. Nilimwambia hakubonyeza kitu chochote, na lile neno nililomwambia halikustahili kuambiwa mtu. Nilimwambia saa ya kompyuta ilikuwa imerudishwa nyuma, na ndiyo iliyozuia kila kitu tangu asubuhi, na kwamba ile sentensi niliisoma vibaya.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni wewe ulirudisha hiyo saa?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Kwa ajili ya dawa za baba. Alikuwa anachanganya."

Aligeuka akatazama dukani. Kutoka pale tulimwona baba kwa jirani, kofia magotini, kidole chake kiko kwenye kifundo cha mkono mwingine, anatafuta mahali pa mapigo.

"Sasa umeirudisha?" akauliza.

"Nini?"

"Saa ya muzee. Usiku unakuya. Atakunywaka dawa namna gani?"

Sikuwa nimeirudisha. Sikuwa hata nimeifikiria. Nilitikisa kichwa.

"Uirudishe, mama. Na usimwambie hii maneno. Leo amefurahi. Haiko kosa yake."

Akapanda pikipiki, akakunja kitenge chini ya miguu. Nilisimama pale nikingoja aongeze kwamba si kosa langu pia. Watu husema hivyo, ni adabu tu. Yeye hakusema. Aliniaga vizuri, pikipiki ikaondoka kuelekea barabara ya kambini na vumbi lake.

Niliporudi dukani, baba alikuwa ameshaingia, ameinamia kioo mpaka pua inakaribia kugusa. Kioo kilisema 4:52.

"Saa nne na dakika hamsini na mbili," akasema. "Usiku huu? Mbona hujaniambia nimeze dawa?"

Kidonge kilikuwa kiganjani mwake tayari. Nilikichukua, nikakirudisha kwenye kopo. Nikakaa, na safari hii nikasoma taratibu, kila neno, kabla ya kugusa kitu. Kumbe kompyuta huweka saa yake ya kweli chini chini, na hiyo unayoiona kwenye kioo ni tafsiri tu ya mji uliouchagua. Kama nataka kioo kiseme saa za baba na mashine ibaki na akili zake, nachagua mji wa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ulio nyuma yetu kwa saa sita. Basi. Ni kazi ya kubonyeza mara tatu. Ningeweza kuifanya siku ile ya mvua, na yule binti angeingia kwenye mtihani wake akiwa na saa mbili kamili na chai tumboni.

Majibu yalikuja kwake, naye akanitumia ujumbe. "Sikupita, mama. Ilibaki kidogo. Salamu kwa muzee. Anakunywaka dawa muzuri?" Nilimjibu kwamba mlango wangu uko wazi kwake kwa mtihani wowote, na sitamtoza kitu. Akajibu aksanti. Mtihani mwingine haujatokea. Siku moja nilimuuliza kama bado yuko wodini, akasema yuko, anatafsiri, anashika taa.

Mteja akileta shida siku hizi, huwa nasoma mara mbili, na pale nisipoelewa nasema sijui, na wengine huenda kwa watu wengine. Haisaidii kitu. Sijui ninayemlipa kwa kufanya hivyo.

Baba hajaacha kuuliza. Zahanati walipomfunga mpira wa kupima presha aliwaambia wafanye haraka, ana nesi wake anasomea. Jana asubuhi alimeza kidonge chake, kioo kikisema 2:00, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Majibu ya yule binti yametoka?"

"Bado, baba."

"Hao watu wa saa kumi na nne," akasema, "hata kusahihisha wanachelewa."

Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale alipofundishwa, akainua uso kwenye ile saa, akaanza kuhesabu.